Moto Ulianza Siku Gani: Maneno ya Kumuaga Mama Emérance

Mheshimiwa Munganga Mkuu wa Zoni ya Afya. Mheshimiwa mjumbe wa serikali ya wilaya. Baba Paroko na Baba Mchungaji, ambao leo mmekubali kuketi kwenye benchi moja. Wakubwa wa kamati za ndugu zetu waliohamishwa na vita. Wauguzi wa kliniki yetu ya Nyakasanza, na nyinyi mliotoka Gety na Aru kwa barabara tunazozijua. Ndugu wagonjwa, wa zamani na wa leo asubuhi. Ndugu wageni waalikwa. Na weye, Mama Emérance, ambaye itifaki imekuweka kwenye kiti cha mbele na tabia yako imekwisha kujaribu mara mbili kukuhamisha nyuma: nawasalimu wote, kila mtu kwa cheo chake na kwa jina lake.

Kwa wasionijua, mimi ni Docteur Ambroise Mbusa, munganga wa macho. Mimi ni mtu wa Butembo. Nilikuja Bunia kwa miaka miwili, na hii ni ya kumi na moja. Leo, katika mwezi huu wa kumi na moja wa mwaka 2004, kliniki yetu inamuaga muuguzi wake mkubwa, anayekwenda kupumzika baada ya miaka thelathini na moja ya nguo nyeupe. Nimeambiwa niseme dakika kumi. Aliyeniambia ni yeye mwenyewe. Mama, kwa mara ya kwanza katika kazi yetu sitakutii, na nakuomba usinitazame kwa jicho lile unalowatazamia wagonjwa wanaopangusa macho kwa mkono mchafu.

Ndugu zangu, siku ya kuaga mtu tunazoea kumsifu mpaka asijitambue. Mimi leo nina shukrani nyingi kuliko sifa, na shukrani yangu haiwezi kutoka mdomoni kabla ya kosa langu kutoka. Nilimwomba Mama Emérance ruhusa ya kulisema mbele ya watu. Mara ya kwanza alikataa, mara ya pili alikataa, mara ya tatu akasema, "Sema, lakini usitaje kijiji ya mutu." Basi hamtasikia kijiji, wala hamtasikia kabila, la mgonjwa au la muuguzi. Jina moja la mgonjwa nitalitaja, kwa sababu mwenye jina yuko hapa, amevaa koti lake la Pasaka, na alinifuata mlangoni kuniambia kwamba nisipolitaja atakasirika.

Mnajua, au labda hamjui, kazi tuliyoanza mwanzoni mwa mwaka 2002. Macho mekundu yalikuwa yanajaa barazani kwetu. Watu walikuwa wanakimbia kutoka vijijini, wanapita katika mahindi, katika majani marefu, chini ya paa zinazoanguka, na wanafika Bunia na jicho moja limefungwa kwa kitambaa. Sasa, jicho jekundu lina sura moja na magonjwa mengi. Kuna jicho lililokwaruzwa na jani, mikrobe au kuvu ikaingia, na kidonda kinakula kioo cha mbele cha jicho. Na kuna jicho ambalo kioo chake ni kizima, lakini ndani yake mwili wenyewe umewaka. Mboni inakuwa ndogo, mwanga unachoma, na mtu anakaa gizani mchana. Kuna dawa moja ya matone tunayoiita dexa. Ukimpa huyu wa pili, unaweza kumwokolea jicho. Ukimpa yule wa kwanza, mikrobe inashangilia, kidonda kinaenda mbio, na jicho linatoboka. Na chupa ya dexa ilikuwa inauzwa sokoni, karibu na chumvi na viberiti.

Nilimwondolea jicho mwalimu mmoja aliyeweka dexa kwa siku tisa juu ya mkwaruzo wa jani la hindi. Mama Emérance ndiye aliyeshika taa. Tulipomaliza aliniuliza: muuguzi ambaye hana laboratware, hana umeme, ana tochi tu na mikono yake, atajuaje kutofautisha? Na kwa kuwa sisi waganga tusipokuwa na jibu tunaanzisha utafiti, nilianzisha utafiti.

Nikaandika fishi, karatasi ya kumuuliza kila mgonjwa. Maswali kumi na manane, kwa Kifaransa kizuri, kisha nikayaweka katika Kiswahili mimi mwenyewe, kwa sababu nilijiona fundi. Swali la saba kwa Kifaransa lilikuwa linauliza tarehe ambayo inflammation ilianza. Inflammation kwa Kiswahili ni nini? Hospitalini tunasema jicho lina moto. Basi nikaandika: "Moto ulianza siku gani?" Nililisoma kwa sauti na nikalipenda.

Nikampa Mama Emérance. Alisoma yote kumi na manane, akarudi kwenye la saba, akaweka kidole pale. Akasema, "Docteur, hii neno moto, watu watasikia ingine." Nami nilimjibu nini? Ndugu wageni waalikwa, nilisoma miaka kumi na miwili ili niweze kutoa jibu lile. Nilimwambia, "Mama, uliza tu vile imeandikwa. Utafiti haubadilishwi njiani." Wazee walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema lolote juu ya mtu anayejibu kabla ya kusikia swali.

Aliuliza vile imeandikwa. Kwa miezi mitano aliwauliza wagonjwa mia moja na kumi na wawili, akaandika walichosema, kwa kalamu ya bluu, herufi zimesimama wima kama ukuta wa matofali. Mimi nilikuwa napima, natoa dawa, na fishi zinaingia sandukuni. Mwezi wa sita nikakaa kuzisoma. Nikaona ajabu. Wagonjwa arobaini na mmoja, moto wa jicho ulikuwa umewaanzia siku moja. Siku ileile. Wengine kumi na tisa, siku nyingine moja. Usiku wa kwanza nilidhani nimegundua ugonjwa mpya. Nilianza hata kutunga barua kwa profesa wangu, na nakiri kwamba ugonjwa ule tayari ulikuwa na jina, na jina lilikuwa linafanana na langu. Asubuhi akili ikarudi. Macho ya watu arobaini na mmoja hayaanzi kuwaka siku moja. Basi nikasema, mwandishi amechoka, anajaza tarehe anayoitaka. Neno alilonionya nalo mwezi wa kwanza lilikuwa limenitoka kabisa, kwa sababu lilikuwa neno la muuguzi, na mimi nilikuwa na kichwa cha munganga.

Wakati huohuo mji ulikuwa na wakubwa wake wa wakati ule, wa bunduki. Mnakumbuka, tulikuwa tukilala na mkubwa mmoja na kuamka na mwingine. Wakaunda kamati ya kukagua mahospitali na wanaopata dawa za misaada, na mjumbe mmoja wa kamati hiyo akaniambia kwamba atakuja kuona fishi zetu, zile za asili, si nakala. Nilimweleza Mama Emérance habari hiyo tukiwa tunakunja kompresi za kufunikia macho. Akauliza, "Nani njo atakuja?" Nikataja jina. Akamaliza kukunja ile aliyoishika, akachukua nyingine.

Siku mbili baadaye nilifungua sanduku na sanduku lilikuwa tupu. Fishi zote mia moja na kumi na mbili alikuwa amezitia katika mbabula, jiko letu la makaa nyuma ya chumba cha kuchemshia vyombo. Alinijibu bila kupepesa kwamba ndiyo, ni yeye. Vyombo nilivyotumia asubuhi ile kumpasulia mgonjwa vilikuwa vimechemshwa kwa utafiti wangu.

Nilimwita ofisini. Mjumbe wa kamati alikuwa amekwisha kufika, ameketi karibu na dirisha, na karani wetu alikuwapo. Mbele yao nilimuuliza kama tarehe zile alizitunga. Hakujibu. Nikamuuliza kwa nini amechoma. Hakujibu. Nikamwita muongo. Mama huyu, ambaye alinifundisha kufunga bendeji ya jicho la mtoto bila kumliza, nilimwita muongo naye amesimama, mimi nimeketi. Aliweka funguo juu ya meza, akatoa mfukoni kaye moja, daftari la shule lenye jalada la kijani, akasema, "Docteur, mambo ya wagonjwa iko humu." Nikamwambia kaye si dokima, si hati ya utafiti, aende nayo. Kisha nikaandika barua. Nitarudi kwa barua hiyo.

Alikaa nje ya kazi miezi kumi na minne. Sikumtembelea, ingawa parsele yake, kiwanja anapokaa, iko hatua mia tatu kutoka geti letu. Baadaye nilijua kwamba wagonjwa walikuwa wanafika kwetu mchana na kwake jioni, na kwamba mengi niliyojisifu kuyaponya yalikuwa yameoshwa na kufungwa upya na mikono yake. Mjumbe yule alirudi kwangu wiki mbili baada ya barua. Akaniuliza kama nakumbuka walau majina machache ya wagonjwa, na walikotoka. Nilimwambia sikumbuki, na ilikuwa kweli. Nilidhani anachunguza udanganyifu. Nilimwonea hata huruma kwa kazi yake ngumu.

Mwezi wa tano wa mwaka 2003, vita vilipoingia mjini, sihitaji kuwasimulia. Nilikimbilia Aru, nikakaa huko mpaka mwezi wa nane. Niliporudi, nilikwenda kupima macho katika kambi ya karibu na uwanja wa ndege, na huko nikamkuta Papa Donatien, mkulima, huyu hapa mwenye koti. Jicho lake la kushoto nililiacha mwaka mmoja nyuma likiwa na kidonda, na nilikuwa nimekwisha kuliandikia kaburi. Nikalikuta lina kovu dogo pembeni, linaona. Nikamuuliza nani alimtibu. Akasema, "Mama Emérance njo alinifuata. Alikataa mutu aniwekee dexa." Kisha, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu na hakutaka mazungumzo yaishie hapo, akaongeza hivi, nami nayarudia kama alivyoyasema: "Docteur, ile fishi yenu ilikuwa na huruma. Hakuna mutu alituulizaka ile mambo. Siye tulifika, watu wanatuuliza tu, uko wa wapi, uko wa nani. Nyinyi muliuliza moto ilianza siku gani. Nikasema ile siku nyumba yangu iliungua. Wote wa kwetu tulisema ile siku."

Ndugu zangu, nilikuwa nimeshika tochi, nikaizima.

Kumbe watu arobaini na mmoja walikuwa wamesema kweli. Kumbe muuguzi aliandika kweli. Muongo pekee katika utafiti ule alikuwa swali la saba, na baba yake ni mimi. Na fishi zile, ambazo kwangu zilikuwa karatasi za macho, zilikuwa zimegeuka kuwa orodha: jina la mtu, kijiji chake, na siku aliyoona kijiji chake kinachomwa. Fikirieni orodha hiyo mikononi mwa mtu ambaye labda alikuwa na sababu zake za kutaka kujua ni nani aliona.

Nilitoka kambini nikaenda moja kwa moja kwake. Nilimkuta anatwanga sombe. Hakuacha kutwanga.

Nikasema, "Mama, ile moto ya kwenye fishi ilikuwa moto ya nyumba."

"Njo vile, Docteur."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambiaka mbele ya kuanza. Ulisema niulize vile imeandikwa."

"Na ile siku mu bureau, nilipokuita muongo?"

"Ile siku tulikuwa wane mu bureau. Ningelisema mbele ya nani? Nikisema moto ni ya nyumba, yule wa dirisha anasikia. Weye ulipoteza fishi. Bale wagonjwa wangelipoteza..." Hakuimaliza sentensi ile, na mimi sikumsaidia. Nilipiga magoti pale penye majani ya muhogo. Akaniambia niinuke, nitachafua suruali, na kwamba nikingoja kidogo chakula kitakuwa tayari. Nilingoja, nikala. Sijapata kula chakula kigumu kumeza namna ile, na kilikuwa kitamu.

Kisha akaniletea kaye ya kijani. Mama Emérance alijua tangu mgonjwa wa kwanza kwamba swali langu linajibiwa kwa nyumba. Aliandika jibu kwenye fishi, kwa kuwa nilimwamuru, halafu akauliza swali lake mwenyewe, ambalo fishi haikuwa na nafasi yake: "Na jicho ilianza kuuma siku ngapi kisha ile siku? Na njiani, iligongwa na kitu?" Wagonjwa wetu wengi hawana kalenda, lakini ni nani kati yetu hawezi kuhesabu siku tangu siku ile? Walihesabu vizuri sana. Na katika kaye hakuna jina, hakuna kijiji, hakuna tarehe. Kuna namba ya mgonjwa, hesabu ya siku, kitu kilichogonga jicho, kama karatasi ya rangi, tunayoigusisha jicho ili kidonda kijitokeze, ilionyesha kijani chini ya tochi, mboni ilikuwa namna gani, dawa gani, na jicho liliishia wapi. Aliwafuata tisini na wanne mpaka mwisho. Hata mimi, mwenye utafiti, sikuwafuata thelathini.

Kaye ile ndiyo iliyotupa jibu la swali aliloliuliza akiwa ameshika taa. Macho yaliyogongwa na jani, kijiti au nyasi ya paa, na yakawa mekundu ndani ya siku kumi hivi, karibu yote yalikuwa na kidonda cha mikrobe au kuvu. Macho ambayo hayakuguswa na kitu, yakaanza polepole wiki nyingi baadaye, yanaogopa mwanga na mboni imekuwa ndogo, mengi yalikuwa ya moto wa ndani. Sisemi yote. Wagonjwa saba walikwenda kinyume, na wenyewe wameandikwa, kwa kalamu ileile ya bluu. Si ugunduzi wa kutikisa dunia, na maprofesa wana vyombo vya kuona zaidi. Lakini tangu mwaka jana, kila muuguzi wetu, kabla ya kugusa chupa ya dexa, anauliza maswali mawili ya Mama Emérance na kuweka karatasi ya rangi. Muuguzi wa Gety yuko hapa. Aniambie kama nasema uongo. Tangu aanze kuuliza hivyo, hajatuletea hata jicho moja lililotobolewa na dawa.

Kwa hiyo nashukuru. Nawashukuru wagonjwa waliotujibu ukweli hata pale tulipouliza vibaya. Nakushukuru, Papa Donatien, kwa adabu yako. Nakushukuru, Mama, kwa kaye, kwa wale tisini na wanne, na kwa sahani ya sombe.

Sasa, ile barua. Mtu ataniuliza: Docteur, ulijua tangu mwezi wa nane wa mwaka jana, ulingoja nini? Nilimrudisha kazini wiki ileile, lakini nilipotaka kuifuta barua, yeye ndiye aliyenikataza. Alisema nikiifuta nitaulizwa sababu, na sababu bado inaweza kuua mtu. Akaendelea kufanya kazi, mwaka mzima na zaidi, na barua iliyomwibia heshima yake ikiwa katika dosye yake, faili lake la kazi, na wauguzi vijana wakinong'ona kwamba huyu ndiye aliyechoma fishi. Leo fishi ni majivu ya zamani, yule wa dirisha hayuko tena katika mji huu, na mtu hawezi kutafuta katika kaye kitu ambacho hakikuandikwa humo.

Mheshimiwa Munganga Mkuu, nakushukuru kwa kukubali kuja na dosye yenyewe. Hii hapa barua, na sahihi ni yangu. Niliandika: "Muuguzi Emérance alitunga majibu ya wagonjwa na kuchoma fishi ili kuficha uongo wake. Mtu wa namna hii hastahili kuaminiwa na mgonjwa." Nilitaka muisikie kwa mdomo wa yule aliyeiandika.

Naitoa mbele yenu, na mahali pake naweka hii, ambayo imekwisha kupelekwa kwa kila mtu aliyepata ile ya kwanza, pamoja na ripoti ya utafiti, ambamo jina la kwanza ni Emérance na la pili ni la huyu anayesema. Ni fupi: "Majibu yote yalikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa katika swali, na swali liliandikwa na mimi. Wagonjwa mia moja na kumi na wawili walimwamini muuguzi Emérance kwa macho yao na kwa maisha yao, naye alikubali kuitwa muongo kuliko kumtoa hata mmoja."

Mama Emérance, nilikuita muongo mbele ya watu wawili. Nakuomba msamaha mbele ya hawa wote, na safari hii mimi ndiye nimesimama na weye umeketi. Sikuombi unijibu. Ukitaka kusema, mikro ni yako, na hakuna mtu karibu na dirisha. Ukitaka kunyamaza, hakuna hata mmoja humu atakayeelewa vibaya tena.

Nyinyi nyote mliovumilia mtu wa macho atumie masikio yenu muda mrefu hivi, aksanti sana.